Sura Yangu, Mwili Si Wangu

Sehemu ya sita: Koplo afunga mlango

Kwa wewe uliyefutia vioo gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, pole, lakini hatukukusubiri. Tulimwacha Mwalimu Breki amesimama kaunta ya kituo cha polisi. Nyuma yake kulikuwa na benchi la ndugu waliokuja kumpa nguvu. Mbele yake, Koplo wa dawati la makosa ya mtandaoni aliinuka taratibu, akazunguka kaunta, akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni.

"Hakuna anayetoka humu," alisema Koplo.

Mjomba ni fundi friji, na haogopi mtu mwenye sare kwa sababu friji ya kituo kile huitengeneza yeye. Alitaka kujua wamekosa nini. Walikuja kushtaki, wamevaa vizuri, wamembembeleza mlalamikaji wao njia nzima. Iweje wafungiwe kama kuku?

Koplo alirudi kwenye kiti chake bila haraka. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani isiyopenda kukaa puani. Alikuwa amekaa kwenye dawati lile tangu sheria mpya ya picha za faragha ipitishwe, akisubiri kesi yake ya kwanza. Mafunzo alishapewa, kompyuta alishapewa, na kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa isiingie vumbi. Leo kesi imejileta kwa miguu yake, tena imekuja na ukoo.

"Nimeuliza swali moja jepesi," alisema. "Nani kati yenu alishamtumia mtu mwingine picha hii? Mikono mitatu ikapanda. Na nyie mmekuja watatu, ukimtoa mwenyewe. Maana yake nina mlalamikaji mmoja na watuhumiwa watatu, na wote mmepanda gari moja."

Benchi zima likanywea.

Mwalimu Breki aliwageukia ndugu zake mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kupenya kelele za injini, mwalimu wa udereva kwa miaka mingi. Jina la Breki alipewa na wanafunzi kwa sababu gari lake la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na ya mwalimu ndiyo huchakaa kwanza.

Na picha yenyewe? Usijifanye hukuiona. Ilimwonyesha Mwalimu Breki amejilaza juu ya kitanda chenye shuka jekundu, na kitambaa alichovaa kisingetosha kufunga kidonda cha kidole. Macho yamefumba, mdomo uko wazi. Walioitazama walisema ule ni uso wa raha. Yeye mwenyewe aliutambua mara moja. Ndio uso anaoufanya yeye kila mwanafunzi anapokanyaga mafuta akidhani amekanyaga breki. Sura ilikuwa yake kweli. Kuanzia shingoni kwenda chini, kila kitu kilitengenezwa na kompyuta.

Tangu picha itoke, maisha yake yamekuwa kero. Wiki iliyopita tu mwanafunzi mmoja, mtu mzima na heshima zake, alikuwa akimwangalia mwalimu badala ya barabara, akagonga pipa la taka mbele ya duka la dawa. Mwalimu Breki alitaka kitu kimoja duniani: picha ishushwe mtandaoni, ili watu warudi kutazama mbele. Aliona aibu, ndiyo. Lakini zaidi alikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa na pa kwenda.

"Mjomba," alisema, "hata wewe?"

Mjomba alijikaza kisabuni. Alieleza kwamba yeye aliituma kwa nia njema kabisa. Aliichukua ile picha, akaikuza, akachora duara jekundu kuzunguka paja la kushoto, na chini yake akaandika: Tazameni vizuri, paja hili si lake. Kisha akaituma kwa mafundi friji wenzake wote.

"Na paja langu umelijulia wapi?"

"Sijalijua," alisema Mjomba, kijasho chembamba kikimtoka. "Nimekisia. Kwetu hakuna mapaja ya namna ile."

Binamu, ambaye ni msusi na alikuwa amekaa katikati ya benchi akijifanya hamnazo, naye ikabidi aseme. Aliiweka kwenye kundi la wateja wake. Maneno aliyoandika yalikuwa makali sana: anayesambaza uchafu huu hana utu. Picha akaiambatanisha ili wajue ni uchafu upi.

Shangazi hakueleza lolote. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mkoba mkubwa mapajani, na leo kwa mara ya kwanza tangu Mwalimu Breki amjue, alikuwa kimya. Alisema tu kwamba alituma kwa watu wachache. Alipoulizwa wachache ni akina nani, alitaja kundi la ukoo, kundi la mtaa, kundi la waliosoma pamoja na kundi la wanaouza vitambaa. Akafungua mkoba, akaufunga.

Basi Koplo akawapa darasa. Aliwaambia kwamba sheria inamkamata aliyetengeneza picha ya faragha ya mtu bila ridhaa yake, inamkamata aliyeisambaza, na inamkamata hata aliyetishia tu kuisambaza. Iwe imepigwa kwa kamera, iwe imepikwa na kompyuta, yote ni mamoja. Mjomba alinyoosha kidole akauliza, je, kama mtu ameituma huku amekasirika?

"Sheria haiulizi kama ulicheka au ulilia ulipoituma," alisema Koplo. "Inauliza kama mwenye sura alikubali. Nia njema utamweleza mwendesha mashtaka, yeye ndiye anayepima. Mimi naandika. Na humu ndani hakuna mjomba wala shangazi, kuna aliyetuma na ambaye hakutuma."

Alilisema hilo huku akisukuma miwani juu, na ilionekana wazi kwamba sentensi ile alikuwa ameiandaa siku nyingi.

Kabla Mwalimu Breki hajajibu, simu yake ikalia. Alikuwa Meneja wa shule ya udereva, yule yule aliyemwambia wiki iliyopita akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Mwalimu Breki alipokea akiwa tayari kusikia kwamba amefukuzwa.

Loo, kumbe Meneja alikuwa anacheka. Alisema arudi kazini kesho asubuhi, tena mapema. Wanafunzi wapya wamejaa ofisini mpaka nje, wote wanaume, na wote wanamtaka yeye na si mwalimu mwingine. Mmoja wao ni dereva wa lori, leseni anayo tangu ujana wake, lakini anasema anahisi amesahau. Kwa hiyo Meneja alikuwa na ombi dogo. Hiyo kesi, kama inawezekana, aiache. Tangazo kama lile hata gazeti zima lisingeweza kumpa, na limekuja bure.

Mwalimu Breki alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Wiki nzima alikuwa anaomba arudishwe kwenye kiti chake, na sasa kiti kinarudishwa kwa sababu ile ile iliyomtoa.

"Meneja," alisema, "hao hawaji kujifunza kuendesha."

Meneja akasema wakishalipa, wanachojifunza ni juu yao.

"Basi waambie darasa la kwanza ni kubadilisha tairi. Nne zote, juani."

Koplo alikuwa amesikia kila kitu, kwa sababu Meneja ni mtu wa kupiga kelele kwenye simu. Aliinama kuelekea kwenye simu, akauliza kwa upole kama na yeye Meneja alishamtumia mtu picha hiyo. Simu ikakatika. Koplo akaandika kitu pembeni ya karatasi yake.

"Tuanze," alisema kisha. "Jalada nikilifungua, leo hii barua inakwenda kwa wenye mitandao na picha inashushwa kila ilipo. Nisipolifungua, sina mamlaka hata ya kumwomba mtoto aifute. Lakini jalada linataka kujua kitu kimoja. Picha ilianzia wapi?"

Hapo ndugu wakapata uhai. Kumtafuta mkosaji mwingine ni kazi ambayo kila mtu anaipenda, hasa akiwa mwenyewe ni mkosaji. Wote walitoa simu zao kwa pamoja.

Shangazi ndiye aliyeulizwa wa kwanza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliletewa na Binamu, na kweli, ujumbe ulikuwepo. Binamu akaruka. Yeye kaipata kwa Mama Mwenye Nyumba, mwanamke anayempangisha chumba cha saluni, na ushahidi akauonyesha pale pale.

Koplo akaagiza Mama Mwenye Nyumba apigiwe, simu iwekwe juu ya kaunta, kila mtu asikie.

Mama Mwenye Nyumba hakuwa na kinyongo na mtu. Alisema ndiyo, aliipata, na aliipata kwa fundi wake wa friji. Friji ilikuwa haigandishi. Alimwomba fundi amtumie picha ya kifaa kilichoharibika, ili akitafute dukani mwenyewe na asiuziwe mbuzi kwenye gunia. Ikaja picha yenye duara jekundu.

"Mimi nikaona duara," alisema, "nikajua hapo ndipo palipoharibika. Nikaenda nayo dukani. Muuzaji akaitazama sana, akasema kifaa hicho yeye hana, lakini picha nimwachie nikitoka."

Macho yote yakamgeukia Mjomba.

Mjomba alikuwa amefunika uso kwa viganja viwili. Kumbe siku ile alibonyeza picha isiyo yenyewe, na mpaka dakika hii alikuwa akijiuliza kwa nini yule mama hajamrudia kuhusu friji. Alipoulizwa yeye kaipata kwa nani, hakuweza hata kusema. Alinyoosha kidole tu kwenye ncha ya benchi.

Kidole kilimwelekea Shangazi.

Koplo alichora mishale kwenye karatasi yake. Shangazi kampa Mjomba, Mjomba kampa Mama Mwenye Nyumba, Mama Mwenye Nyumba kampa Binamu, Binamu kampa Shangazi. Akaitazama karatasi akiwa ameiinamisha upande huu na upande ule. Ilikuwa duara safi, kama ile mizunguko ya barabarani ambayo wanafunzi wa Mwalimu Breki huingia na wasijue kutoka.

"Mama," Koplo alimwambia Shangazi, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazi kweli. "Hiyo ya Binamu ilikufikia mara ya pili. Ya kwanza alikuletea nani?"

Shangazi akafungua mkoba. Safari hii hakuufunga.

Mwalimu Breki alikuwa akimtazama. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Ndiye aliyemshonea sare ya shule kwa mkono umeme ukiwa umekatika, na ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kukaa kiti cha nyuma siku mpwa wake alipoanza kufundisha, akapiga kelele njia nzima, na akashuka akisema gari ni tamu. Kama kuna mtu mmoja duniani ambaye hakumtarajia kwenye duara lile, ni yeye.

"Aliituma mtu nisiyemjua," alisema Shangazi. "Kwangu tu, peke yangu. Na maneno."

Alitoa miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya nguo, akasoma kwenye simu kwa sauti isiyo yake. "Mwambie mwanao asaini cheti. Asiposaini, hii itasambaa."

Hata feni ya dari ilionekana kupunguza mwendo.

"Nikaogopa," alisema Shangazi. "Nikakaa siku nzima sili. Nikajiambia, huyu mtu silaha yake ni kwamba watu hawajaiona. Nikiwaonyesha mimi kwanza, nikawaambia ni ya uongo, atabaki na nini mkononi? Nikawaonyesha wote ninaowajua."

"Wote?" aliuliza Mwalimu Breki.

"Ili asibakie hata mmoja wa kuonyeshwa na yeye."

Mjomba alisahau shida zake, akainua kichwa. Binamu aliuma kucha. Koplo aliweka kalamu chini, akaitwaa tena. Alikuwa amefundishwa aina nyingi za wakosaji wa mtandaoni, wenye wivu, wenye tamaa, wenye kisasi. Hii ya Shangazi haikuwemo kwenye mafunzo.

"Kwa hiyo," alisema Koplo taratibu, akijaribu kuielewa mwenyewe, "huyo aliyetishia hajamtumia mtu mwingine yeyote. Picha yote hii iliyozunguka mjini, chanzo chake ni wewe."

Shangazi alitikisa kichwa kukubali, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Msomaji, hapa pangekuwa mahali pazuri pa kucheka. Mwalimu Breki hakucheka. Aliona pipa la taka likipinduka mbele ya duka la dawa, akaona foleni ya wanaume ofisini kwa Meneja, akamwona yule muuzaji wa vifaa vya friji akiitazama picha sana. Vyote vile vilitoka kwenye simu ya mtu anayempenda kuliko wote.

"Shangazi, mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kukukinga, mwanangu."

"Najua. Lakini sura ni yangu. Kama ni kuonyeshwa, mimi ndiye wa kusema ionyeshwe. Kama ni kufichwa, mimi ndiye wa kusema ifichwe. Huyo mshenzi hakuniuliza, na wewe hukuniuliza. Mimi nimejikuta wa mwisho kujua, tena nimeambiwa na mwanafunzi wa zamu ya mchana, anacheka."

Shangazi alipangusa macho kwa kiganja kizima, kama mtoto.

Koplo alikohoa. Alisema, kwa aibu kidogo, kwamba karatasi iko tayari na inasubiri sahihi ya mlalamikaji. Lakini ni lazima amwambie ukweli. Akisaini, jina la kwanza kwenye orodha ya waliosambaza ni la Shangazi, na hawezi kuliruka. Hawezi kuishtaki picha na kuwaacha walioitembeza. Akitaka, anaweza kwenda nyumbani akafikirie. Ila picha haitakwenda nyumbani. Itabaki huko iliko.

Mwalimu Breki aliishika kalamu, na kalamu ikawa nzito. Alifikiria kuiacha. Alifikiria kurudi nyumbani, wote wanne kwenye gari la mafunzo, Shangazi kiti cha nyuma, na kusubiri watu wachoke. Watu huchoka. Baada ya mwaka mmoja, miwili, huenda atasahaulika. Aliirudisha kalamu juu ya kaunta.

Ndipo Shangazi akainuka. Alisogea mpaka kaunta, akaweka mkoba wake chini, jambo ambalo halifanyi kamwe mahali pa umma, akaichukua kalamu na kuirudisha katika mkono wa mpwa wake. Akavikunja vidole vyake juu ya kalamu kimoja kimoja.

"Saini," alisema. "Nilikufundisha kushika penseli, sitakuwa mimi wa kukuzuia kuandika. Nilikosea. Uniandike, na mwanzo kabisa, kabla ya huyu wa paja."

Mwalimu Breki alisaini. Alisaini huku analia, na sahihi yake ikatoka imepinda. Kisha akamkumbatia Shangazi akiwa bado amemkasirikia, kwa nguvu sana, na Shangazi akajiachia. Mjomba alisema kwa sauti ya chini kwamba na yeye aandikwe basi, hana haja ya kubaki peke yake nje. Binamu akasema yeye atasubiri kidogo. Alipoona hakuna anayemcheka, naye akatoa jina lake.

Koplo aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Sasa alikuwa amechangamka, maana bado alibaki mhusika mkuu, aliyeipika picha na kutishia. Aliuliza cheti ni kipi hicho.

Hilo Mwalimu Breki alilijua bila kufikiri. Mwanafunzi haendi kwenye mtihani wa barabarani mpaka mwalimu amsainie cheti kwamba ameiva. Na katika wanafunzi wake wa sasa, kuna mmoja tu aliyemkatalia, tena amemkatalia mara kadhaa. Jina lake kamili liko ofisini kwa Meneja. Yeye humwita Mzee wa Saa Nne, kwa sababu ndiyo saa yake ya darasa.

"Amekosa nini mpaka ukamkatalia?"

"Alipanda mzunguko wa barabara, akaenda mpaka juu kwenye maua. Nikamwambia arudi nyuma, akaniuliza nyuma ni wapi. Halafu hupenda kujirekodi kwa simu anapoendesha, nafikiri huko ndiko alikopata huu uso wangu."

Koplo alitingisha kichwa kwa dharau. Alisema watu wa namna hiyo wanajulikana, hawana mbele wala nyuma, na huyu atamfundisha adabu. Akataka wajihi wake.

"Mtu mpole kwa kumtazama," alisema Mwalimu Breki. "Ana mwanya. Akibadilisha gia huimba."

Kalamu ya Koplo ikasimama.

"Huimba nini?"

"Nyimbo za watoto wadogo. Nadhani ana watoto pacha, huwataja kila mara."

Koplo hakuandika hilo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamwomba Shangazi amsomee namba iliyotuma ujumbe, polepole. Simu ya kituo ilikuwa mbovu tangu wiki jana, kwa hiyo alitoa ya kwake, akaanza kubonyeza. Shangazi alisoma tarakimu moja baada ya nyingine. Walikuwa hawajafika hata nusu Koplo alipoacha kubonyeza. Simu yake ilikuwa imeshaijua namba ile na imeileta yenyewe, na jina lake.

Mwalimu Breki, aliyekuwa amesimama mbele ya kaunta, aliliona jina lile likiwa limepinduka. Lilisomeka Baba Pacha, na pembeni yake palikuwa na moyo mwekundu.

Koplo angeweza kuizima simu pale pale. Angeweza kusema namba haipatikani, na nani angembishia? Ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwake. Alimtazama Shangazi, ambaye alikuwa bado anajipangusa machozi, akabonyeza kupiga, akaiweka simu juu ya kaunta kila mtu asikie.

"Mke wangu," ilisema sauti ya mwanamume, changamfu kabisa. "Chungulia dirishani. Nimekuletea chakula, na nimekuja naendesha mwenyewe."

"Una leseni?" aliuliza Koplo.

"Bado kidogo tu. Kuna mwalimu mmoja mgumu kama jiwe, lakini nimeshamshughulikia."

"Umemshughulikia vipi?"

Sauti ikasita. "Mbona kama uko na watu?"

Mwalimu Breki aliinama juu ya simu. "Hujambo, Mzee wa Saa Nne?"

Simu ilikatika. Nje ya ukuta, karibu mno, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo na injini ikanguruma ovyo, ya mtu aliyekanyaga mafuta kabla ya kufikiri. Binamu alikimbilia dirishani. Alisema gari limeegeshwa likitazama barabarani, kwa hiyo huyo anatoroka, na hakuna atakayemkamata.

Koplo hakwenda dirishani. Alivuta karatasi karibu, akaweka ncha ya kalamu kwenye nafasi iliyoachwa wazi ya mtuhumiwa mkuu. Shangazi alinyoosha kiganja akaishikilia karatasi isisogee.

Nje, gia iliingia kwa mlio wa kusaga. Mwalimu Breki aliusikia. Mlio ule aliujua kuliko sauti ya simu yake.

"Tokeni ukutani," alisema. "Ametia rivasi, na nyuma yake ni sisi."

Mjomba na Binamu walirukia kona ya mbali. Mwalimu Breki aliwavuta Shangazi na Koplo kwa pamoja. Shangazi alikuja na karatasi, na Koplo akaifuata karatasi akiwa ameinama, akimalizia kuandika jina la mume wake.